Swali lako liingie kwenye yatokanayo

Barua za wasomaji, majibu ya Bibi Mwalimu

Mwezi huu mmeniandikia kama mliopigiana simu. Barua nne nilizozifungua zinahusu kamati za shule na watoto wenye mahitaji maalumu, na zote zimetoka humu humu mkoani Tanga. Kwa wasionijua: nimefundisha miaka 31, 19 ya mwisho katika kitengo cha elimu maalumu ndani ya shule ya msingi ya kawaida. Sasa nimestaafu na nimehamia upande wa pili wa meza, ni mjumbe wa kamati ya shule ya mtaani kwetu. Makosa ya pande zote mbili ninayo, na mengine nitayataja.

*Shikamoo Bibi Mwalimu. Mimi ni fundi seremala. Mwezi wa pili wazazi walinichagua niingie kwenye kamati ya shule, nadhani kwa sababu niliwahi kutengeneza madawati yao bila kuvutana bei. Kwenye kikao cha kwanza mwalimu mkuu alisema shule ina wanafunzi 11 wenye mahitaji maalumu, akafunua ukurasa, tukaingia kwenye habari ya tenki la maji. Hakuna aliyeuliza kitu. Mimi nilitaka kuuliza nikaona haya, maana nimeishia darasa la saba na pale kuna walimu wenye digrii. Hivi sisi wajumbe tuna kazi gani kwa wale 11? Na mtu kama mimi naanzia wapi?*
Mjumbe mpya, Muheza

Marahaba, mwanangu. Kazi umeshaianza, maana namba umeishika. Wajumbe wengi ukiwauliza wiki moja baada ya kikao kwamba shule yenu ina watoto wangapi wa namba hiyo, watakujibu "wapo wapo".

Haya nikutoe haya. Kamati haikuwekwa ifundishe. Mwalimu mkuu ndiye katibu wenu na ndiye mwenye taaluma, na wathibiti ubora, wale tuliozoea kuwaita wakaguzi wa shule, wana siku zao za kuja kumtazama. Ninyi mnapitisha mpango wa shule na bajeti, mnataka kujua fedha iliyoingia imekwenda wapi, na mnafuatilia mtoto aliyeandikishwa kama kweli anasoma. Kuuliza "wale 11 wako wapi?" hakutaki digrii. Tena sisi wenye vyeti ndio huwa tunalikwepa swali hilo, kwa sababu jibu lake linaturudia wenyewe.

Kikao kijacho, ikifika ajenda ya yatokanayo, yaani mambo yaliyotoka kikao kilichopita, nyosha mkono useme: "Katibu, kikao kilichopita tuliambiwa wanafunzi 11. Naomba kujua wamejulikanaje." Halafu nyamaza. Usijieleze, usiombe radhi. Wakikuambia suala hilo lisubiri mengineyo, kataa kwa adabu. Mengineyo ni saa ambayo watu wameshasikia vikombe vya chai vinagongana nje, na mimi sijawahi kuona mtoto aliyesaidiwa kwenye mengineyo.

Kwa nini uulize wamejulikanaje? Kwa sababu shule nyingi zinahesabu kwa macho. Anayetembelea gongo anahesabiwa. Mwenye ualbino anahesabiwa. Waliomo kitengoni wanahesabiwa. Asiyesikia vizuri hayumo. Mwenye kifafa ambaye mama yake anaficha hayumo. Anayechanganya herufi mpaka darasa la nne naye hayumo, yeye ameshapewa jina la mvivu. Hiyo 11 yenu huenda ni 11 ya wanaoonekana kutoka ofisini.

Nilikuwa na mvulana darasa la tatu, mkaidi ajabu. Nikimwita hageuki, nikitoa kazi anaangalia daftari la jirani. Nimemsimamisha ukutani mara nyingi na sasa nikikumbuka naona vibaya. Aliyemgundua hakuwa mimi mwenye cheti cha elimu maalumu. Alikuwa mama mmoja mjumbe wa kamati, muuza mihogo getini. Akaniambia: "Mwalimu, yule mtoto nikimwita akiwa amenipa mgongo haji, akinitazama anakuja mbio. Na sikio lake la kushoto linanuka." Nikaenda darasani, nikaziba mdomo kwa kitabu, nikalitaja jina lake nikiwa hatua tatu tu mbele yake. Kimya. Masikio yote mawili yalikuwa yanatoa usaha, na nyumbani walimzoea hivyo. Kamati ilitoa nauli ya yeye na bibi yake kwenda hospitali, wakarudi na dawa na tarehe ya kurudi tena. Mimi nikamhamishia dawati la mbele, nikajifunza kutoongea huku nikiandika ubaoni. Hakuja kuwa wa kwanza darasani, msije mkafikiri nawasimulia hadithi. Lakini leo anaendesha guta pale Ngamiani, mjini Tanga, na chenji yake hapunjwi.

Sasa tuje kwenye ufundi wako, hapo ndipo ninapokuonea wivu. Omba ruhusa kwa mwalimu mkuu, siku moja baada ya masomo, upite naye shuleni ukiwa na futi kamba. Anza na choo, usianze na darasa. Kuna msichana wa kiti mwendo niliyemwandika mtoro siku 23 katika muhula mmoja. Niliandika kwa kalamu nyekundu. Kumbe mlango wa choo ulikuwa na upana wa sentimita 60 na kiti chake hakipiti, basi binti alikuwa hanywi chai asubuhi ili asibanwe, na siku ambazo tumbo halikumruhusu alibaki nyumbani. Hakumwambia mtu. Ungemwambia nani jambo kama hilo ukiwa na miaka 12?

Kwa hiyo pima mlango. Tazama kama unafungukia ndani, maana ukifungukia ndani mtoto akishaingia na kiti hawezi kuufunga. Kuugeuza ufungukie nje ni bawaba na saa mbili za kazi, wewe unajua kuliko mimi. Weka mhimili wa kushikia ukutani. Kama choo ni cha kuchuchumaa, tengeneza kiti cha mbao chenye tundu, cha kukaa juu ya shimo, kilicho imara na kinachooshwa. Ukitoka hapo nenda darasani. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayeteleza kwenye benchi anataka kiti chenye mikono na kibao cha kuwekea miguu, isining'inie. Mwenye uoni hafifu anataka kibao cha mteremko juu ya dawati, kitabu kimsogelee yeye, asishinde ameinamisha shingo mpaka mchana. Vipande vya mbao unavyovitupa vinatosha kibao hicho.

Ila usitengeneze kitu kabla hujamuuliza mtoto na mwalimu wake. Mimi nimeona meza nzuri sana iliyopigwa vanishi, imewekwa stoo na juu yake kuna magunia ya mahindi, kwa sababu aliyeitengeneza hakupima kimo cha magoti ya mwenyewe.

Na kila mnalokubaliana, hakikisha katibu ameliandika kwenye muhtasari, na jina la mjumbe atakayefuatilia. Hapo ndipo nguvu yenu ilipo. Jambo lililoandikwa litarudi kikao kijacho kwenye yatokanayo, mtu ataulizwa, na atalazimika kusema amefanya au hajafanya. Lisiloandikwa limekufa pale pale.

*Bibi Mwalimu, habari za siku. Mwanangu wa kiume ana ualbino, yuko darasa la sita. Akili anazo, akisomewa swali anajibu. Shida ni macho. Karatasi za mtihani maandishi madogo, anaziweka karibu na pua, na muda ukiisha yeye yuko katikati. Mwakani anafanya mtihani wa kumaliza. Mwalimu mkuu ni mtu mwema ila kila nikimfuata ananiambia tumwombee. Niende kwenye kamati? Nitasemaje?*
Mama, Korogwe

Salama, mama. Muombeeni, na fomu nayo ijazwe.

Mwanao ana haki zake kwenye mtihani huo, na si upendeleo wa mtu. Baraza la Mitihani huwaandalia watahiniwa wenye uoni hafifu karatasi za maandishi makubwa, na wasioona karatasi za nukta nundu. Pia kuna muda wa ziada: dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Yaani kama karatasi ya Hisabati ni ya saa mbili, mwanao ana dakika 40 zaidi ya wenzake. Kwa mtoto anayesoma neno moja moja, dakika hizo ndizo zinazomfikisha mwisho wa karatasi.

Lakini Baraza halimjui mwanao. Linamjua kwa jinsi shule ilivyomsajili. Mwalimu akimwandika kama mtahiniwa wa kawaida, karatasi itakayokuja ni ya kawaida, na siku ya mtihani msimamizi hana la kufanya hata akikuhurumia. Usajili unafanyika mapema, miezi mingi kabla ya mtihani wenyewe wa Septemba, kwa hiyo usingoje watoto waanze kuimba nyimbo za kuagana. Nenda mwaka huu huu. Usiulize "mtamsaidiaje?", uliza hivi: "Mwalimu, mwanangu atasajiliwa kama mwenye uoni hafifu?" Jibu lake ni ndiyo au hapana. Akikuambia bado, mwombe mjumbe mmoja wa kamati aliulize kwenye kikao kinachotangulia usajili, na liandikwe.

Jambo jingine ambalo hata walimu wazuri hulisahau. Mtoto asikutane na dakika za ziada kwa mara ya kwanza siku ya mtihani wa taifa. Ajizoeze kwenye mitihani ya majaribio. Nimewahi kumwona binti aliyepewa muda wake wote, lakini kwa kuwa wenzake walitoka na kelele zikaanza nje, naye akakusanya karatasi akatoka. Hakuwa amezoea kubaki peke yake chumbani.

Kamati ina mambo mengine mawili ya kumfanyia, na hayana gharama. Sare. Kuna shule zinakataza kofia hata wakati wa paredi, na mtoto wa ualbino anasimama saa nzima juani huku mkuu wa zamu anatangaza mambo ya usafi. Kamati ipitishe kwamba mtoto huyu anavaa kofia ya duara yenye ukingo mpana na mikono mirefu, na kwenye paredi anasimama kivulini, basi, mjadala umefungwa. Halafu dawati: akae mbele, lakini asikae akilitazama dirisha, mwanga unamchoma macho. Watu hudhani kumsogeza mbele kunatosha. Kukaa mbele huku anapigwa na mwanga ni sawa na kumkalisha nyuma.

Mafuta ya ngozi muulizie hospitalini kwenye kliniki ya ngozi. Yapo ya Kilisun, yanatengenezwa hapa nchini, KCMC Moshi, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Ajipake kabla ya kutoka nyumbani, na chupa nyingine ikae kwa mwalimu wa darasa.

*Kwako Bibi Mwalimu. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya shule, wilaya ya Pangani, wanafunzi 540. Nasoma safu yako na wakati mwingine naona unatuonea. Ruzuku ni ndogo, michango ya lazima imekatazwa, na wazazi wameniambia wazi: kutumia fedha ya wote kwa ajili ya watoto saba ni kuwaumiza wengi. Hata ngazi ya kiti mwendo, ule mteremko wa zege, tulijenga na haitumiki. Hebu nielekeze, fedha itoke wapi?*
Mwenyekiti, Pangani

Mwenyekiti, hukasiriki peke yako. Tuhesabu pamoja.

Kwa utaratibu ulioanza 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na humo shilingi 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Zinazofika kwenu ni 6,000. Mara 540, ni 3,240,000. Gawa kwa miezi 12, unapata 270,000 za chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, michezo na utawala. Sitakudanganya kwamba zinatosha. Mimi nyumbani kwangu tuko watatu na hiyo fedha hainifikishi mbali.

Lakini nikuulize kama mjumbe mwenzako. Katika mambo ambayo watoto wale saba wanayahitaji, mangapi yanataka fedha? Tuseme darasa la tano liko kwenye jengo lenye ngazi na ndimo alimo mwenye kiti mwendo. Badilishaneni vyumba na darasa la pili, asubuhi moja, madawati yanabebwa. Kingo za ngazi zipakwe rangi nyeupe, asiyeona vizuri aone pa kukanyaga, robo kopo inatosha. Mwalimu aliyesomea Patandi, chuo cha walimu wa elimu maalumu, kwa ajili ya watoto wa kitengo, tazama ratiba uone anapewa vipindi vingapi vya kuziba pengo la wasiokuwepo. Niliwahi kukaa wiki mbili nafundisha Sayansi darasa la sita huku watoto wangu wa kitengo wamepewa mpira wachezee nje, na kwenye ripoti ya robo tukaandika "kitengo kinaendelea vizuri". Niliisaini mwenyewe. Kamati ingeomba kuona ratiba siku ile, ningeshukuru moyoni ingawa usoni ningenuna.

Kuhusu wazazi wanaosema wengi wanaumia, waulize wanaumiaje. Mwalimu akigeuka awatazame wanafunzi wakati wa kusema, nani ameumia? Ubao ukipakwa rangi upya usimetemete, nani ameumia? Kwenye mkutano wa wazazi usiwasomee sheria, watakutazama tu. Simulia jambo moja mlilofanya. Na mchague walau mjumbe mmoja ambaye ana mtoto wa aina hiyo nyumbani. Akiwa mezani, yale maneno ya "watoto saba" huwa yanapungua yenyewe, kwa sababu mmoja wa wale saba ana mama yake pale.

Palipo na gharama, tengeni fungu, hata liwe shilingi 15,000 kwa mwezi, lenye jina lake kwenye bajeti na linalobandikwa kwenye ubao wa matangazo pamoja na matumizi mengine. Likikosa jina linaliwa na chaki. Fungu la namna hiyo linalipa nauli ya kwenda kupimwa macho au masikio, na hapo mtoto mmoja anaweza kuokoka. Makubwa yapelekeni kwa maandishi: barua kupitia kwa ofisa elimu kata hadi kwa ofisa wa elimu maalumu wa halmashauri, na nakala kwa diwani, maana mapato ya ndani ya halmashauri yanapangwa na baraza la madiwani. Upo pia mfuko wa jimbo. Na sheria ya watu wenye ulemavu ya 2010 imeweka kamati za watu wenye ulemavu mpaka ngazi ya kijiji na mtaa, muulizeni mtendaji wenu kama ya kwenu ipo na inakutana. Barua isiseme "tunaomba msaada kwa walemavu wetu". Iseme: mtoto mmoja, darasa fulani, anahitaji kitu fulani, sisi tumeshafanya hiki, kimebaki hiki. Barua ya aina hiyo ni ngumu kuitupa.

Sasa ile ngazi yenu. Mwenyekiti, nimekisia hata kabla ya kuiona: ni fupi. Kipimo kinachokubalika ni moja kwa kumi na mbili, yaani kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Kibaraza chenye kimo cha sentimita 30 kinataka mteremko wa mita 3 na sentimita 60. Mafundi wetu humwaga zege la mita moja na kidogo, wakalisugua likateleza kama sakafu ya sebuleni, wakaondoka. Niliona moja ya hivyo, ilihitaji wavulana watatu kumsukuma mwenzao kupanda, na kushuka ilikuwa kama mkokoteni wa machungwa uliokatika kamba. Mtoto akaanza kuingilia mlango wa nyuma akiburuzwa. Wageni walipokuja waliipiga picha ile ngazi, wakaandika kwamba shule ni jumuishi. Ivunjeni, mrefushe, uso wake uwe wa kukwaruza kidogo na pembeni pawe na ukingo wa kuzuia gurudumu lisitoke. Siku ya kuijaribu mkae ninyi wajumbe kwenye kiti mwendo, mmoja mmoja, mpande bila kusukumwa. Mpishi wa uji naye atawashukuru, sufuria ile ni nzito.

Kuhusu kuonewa kwenye safu hii, nimesikia. Nitajitahidi, siahidi.

*Mwalimu, nina binti wa miaka tisa mwenye usonji, yuko darasa la pili. Alikuwa anakwenda shule vizuri tu, anapenda kupanga vizibo vya soda na mwalimu wake alikuwa anamfundishia hesabu hapo hapo. Desemba tarehe 3, siku ya watu wenye ulemavu, kamati ya shule iliandaa hafla. Walimwita mbele ya wazazi wote kupokea mchele kilo 5 na sabuni, spika kubwa inapiga muziki, watu wanapiga picha na makofi. Binti alipiga kelele, akajikojolea, akakimbia. Januari hii hataki hata kuliona geti. Wao wananiambia nilikosa shukrani. Nifanye nini?*
Baba, Handeni

Pole, baba. Pole sana, na kwa binti pia. Nimeisoma barua yako mara mbili, nikaamka nikanywa maji.

Sitaki kuamini kamati ile ilikusudia ubaya. Walitaka kufanya jambo na wakafanya wanalolijua: kumpandisha mtu jukwaani na kumpa kitu. Sisi wa kitengo tuliwafundisha hivyo kwa miaka mingi, kila Desemba tunawapanga watoto mstari wapokee sabuni huku mgeni rasmi akisoma hotuba. Lakini mtoto wa usonji, kelele ile ya spika inamwingia kama mtu anayepigiwa sufuria ndani ya kichwa. Makofi ya watu 200 nayo ni hivyo hivyo. Hakuna haja ya kumtafutia sababu nyingine.

Kumrudisha, usimrudishe kwa siku moja. Nenda na mwalimu wake, yule wa vizibo, na vizibo vyenyewe mvichukue. Siku za kwanza mfike saa ambayo shule imetulia, watoto wako madarasani, mfike getini tu, mpange vizibo kumi, mrudi nyumbani. Akizoea geti, mfike chini ya mti. Akizoea mti, darasani nusu saa. Njia iwe ile ile, saa ile ile, na mtu wa kumpokea awe yule yule. Inaweza kuchukua wiki tatu au miezi miwili. Mwalimu mkuu asimhesabu mtoro wakati huo, na hili mliombe kamati iliidhinishe kwa maandishi, maana zamu ya mwalimu mwingine ikifika kalamu nyekundu haina huruma, nimeshawaambia ninavyoijua.

Kwa kamati, omba kikao, na mtake mambo matatu tu. Wakuombe radhi wewe na mkeo, bila wapiga picha. Picha zilizosambazwa kwenye makundi ya simu ziondolewe, na tangu sasa mtoto asipigwe picha mpaka mzazi ameulizwa faragha, na akikataa asionekane mkorofi. La tatu, chochote cha kumpa mtoto kipelekwe nyumbani au mzazi akifuate ofisini kimya kimya. Wakisema wafadhili wanataka kuona, waonyesheni darasa lenye mwanga na choo chenye mlango mpana, hivyo vinapigwa picha na havilii.

Ukienda, usiende peke yako. Nenda na mama yake, na kama yupo mzazi mwingine aliyesimamishwa siku ile, nenda naye. Ongea taratibu. Kuna mjumbe mmoja atakayetazama chini muda wote, huyo ndiye wa kumfuata baadaye.

Na ule mchele, kama bado uko jikoni, upikeni. Binti hakugombana na mchele.